Swali Ambalo Fundi Irambona Hakuuliza

Mara ya kwanza kumwona Matiasi Irambona, alikuwa ameshika tochi inayowaka saa sita mchana. Jua la Biharamulo lilikuwa kali, mlango wa saluni uko wazi, naye ameegemeza shavu ukutani anamulika kwa pembeni, kama mtu anayetafuta siafu. Wateja wa Speciosa, mwenye saluni, wamekaa na dawa kichwani, walikuwa wanamcheka.

"Fundi, umeme haujakatika," mmoja akamwambia.

"Najua," akajibu bila kugeuka. "Lakini mwanga wa mbele unaficha, dada. Wa pembeni hausitiri mtu."

Ukuta ule wa jipsamu, unaogawa saluni na chumba cha nyuma, aliujenga yeye miaka miwili kabla. Hakuna aliyemwita siku hiyo. Alikuwa anapita na baiskeli yake, akaingia kuujulia hali, kama unavyopita kumwona mtu aliyewahi kuugua.

Mimi nilikuwa kwenye benchi na Keza mgongoni, wakati huo ana miezi saba. Sikwenda kusuka. Nami nilikwenda kuuangalia ukuta huohuo.

Sababu ni hii. Nyumba yetu iko Lusahunga, karibu na njia panda, ya matofali ya kuchoma na bati. Ina chumba kimoja cha kulala na sebule ndefu. Mume wangu Danstan anaziba pancha za malori. Mama yake, Mama Francisca, anaishi Mugoma kule Ngara, na tulikubaliana kwamba akishavuna maharage ya Januari aje akae nasi msimu mzima. Danstan alikuwa amekodi shamba Nyamahanga, na mama alisema hamwachii mtu mwingine kulipanda. Sasa atalala wapi? Huwezi kumlaza mama mkwe sebuleni nyuma ya pazia, mwanaye na mkewe wako hatua nne. Danstan alisema neno moja tu: "Pazia si ukuta." Ukuta wa tofali ungetaka msingi, na sakafu ya saruji tulishaimwaga. Ndipo tukafikiria jipsamu. Na kwa kuwa fundi atakuwa ndani, tukasema aweke na dari, maana bati lilikuwa linatuoka mchana, mvua ikinyesha tunaongea kwa kupiga kelele, na vumbi la malori linaingia juu ya kuta mpaka Keza anakohoa.

Fundi wa kwanza kuja alikuwa Fideli, jirani yetu pale njia panda. Alifika na nyundo na misumari mfukoni. Akatembeza macho mara moja.

"Shemeji, leo naanza, kesho kutwa mnapaka rangi."

Nikamwuliza, "Mimi nadeki kwa ndoo, maji yanatambaa mpaka ukutani. Hiyo bodi chini itakuwaje?"

Akacheka. "Wewe deki tu, mama Keza. Itakauka yenyewe. Kwani sifongo hii?"

Jipsamu ni unga uliobanwa katikati ya karatasi mbili. Hata mimi niliyeishia darasa la saba najua unga na maji hufanya nini. Nikamwomba Danstan tusubiri kidogo, nikaone kwanza ukuta ambao umeshakunywa maji ya watu. Nikawaza, wapi maji yanamwagika siku nzima? Saluni.

Basi pale kwa Speciosa niliinama. Nikaona bodi haikugusa sakafu. Iliishia juu kidogo, kama upana wa kidole, na ule mwanya umefunikwa kwa ubao mwembamba uliopakwa rangi ya mafuta. Nikagonga kwa kucha. Ukuta mgumu, haukuvimba, hauna madoa ya ukungu. Nilipoinuka, yule mwenye tochi alikuwa ananitazama.

"Umeangalia chini," akasema. "Watu wengi wanaangalia juu, wanasifu rangi."

"Rangi hata mimi naweza kupaka," nikamwambia.

Akacheka mpaka nikaona pengo lake la pembeni. Hivyo ndivyo tulivyompata fundi.

*

Irambona ana miaka hamsini na moja, mfupi, mabega mapana, shingo imeinama mbele kidogo. Shingo hiyo, anasema, ni ya bodi. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku, akakua akilima Nyamahanga. Akiwa kijana alikwenda Mwanza kutafuta kazi, akapata ya kubeba bodi za jipsamu kichwani, kuzipandisha ngazi kwenye hoteli iliyokuwa inajengwa. Ghorofa nne. Bodi moja ni kubwa kuliko mlango, na ukiikunja kidogo tu inakatika. Alibeba miaka miwili. Mchana wenzake wakilala, yeye alikaa anawatazama mafundi wanavyofunga. Siku moja fundi mkuu akaumwa, Irambona akafunga bodi tatu za dari peke yake ili aonekane. Zikaanguka zote, moja ikamfikia yeye mwenyewe kichwani.

"Nilifunga kwa misumari," alituambia. "Msumari juu ya dari unaning'inia kama mlevi kwenye kona. Siku ya kwanza unashika, siku ya kumi unateleza. Skrubu inauma."

Tangu hapo hajashika msumari kwa bodi. Na ameendelea kwenda Mwanza na kurudi, miezi sita huku, miezi sita kule, miaka ishirini na zaidi sasa. Mkewe, Mukeshimana, hulima na kulea karibu peke yake. Ndiyo maana siku ya kwanza alipokuja kwetu alituwekea mambo wazi.

"Kuna mama mmoja Biharamulo, anaitwa Clarisse. Anajenga nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili. Dari zote na kuta za ndani anataka jipsamu. Ameniambia atakuja kuona kazi yangu mpya kabla hajaamua. Kazi mpya ni hii yenu. Akinipa, mwaka huu siendi Mwanza. Akininyima, mwezi wa tatu napanda basi. Kwa hiyo mkiona nawasumbua, mjue najisumbua mimi pia."

Na kusumbua alisumbua. Hakutoa hata kipimo. Alikaa kwenye kiti karibu saa nzima, akawa anauliza tu. Kitanda cha mama kitakaa upande gani? Mlango utafungukia wapi? Mtatundika nini ukutani? Danstan akasema runinga, tukijaliwa. Mimi nikasema picha ya Moyo Mtakatifu, ambayo Mama Francisca hawezi kulala bila kuiona.

"Ina kioo?"

"Ina kioo na fremu nzito."

Akachora alama mbili kwenye karatasi. Mahali pa runinga na mahali pa picha, nyuma ya bodi, aliweka ubao imara, ili skrubu ipate kitu cha kushika. "Bodi yenyewe haibebi," akasema. "Bodi ni ngozi. Mifupa ndiyo inabeba." Kisha akauliza nani anadeki, mara ngapi, kwa ndoo au kwa tambara. Danstan akaanza kuchoka.

"Fundi, hutaki kujua na tunakula nini?"

"Mkipikia ndani nataka," akajibu, wala hakutania.

Alifanya kazi siku nane. Alianza na mbao za kenchi, akaondoa mbili zilizokuwa na mchwa, na tulipouliza kama hazingefaa zikifunikwa akasema, "Ukimfunika mchwa, umemjengea." Kisha fremu, mbao mbili kwa mbili, karibu karibu, kila moja inapimwa kwa kamba na pima maji. Nyaya za taa zilipopita ukutani alimwita Danstan, akamwambia apige picha kwa simu kabla hajafunga, "usije ukatoboa waya mwaka kesho kwa kutafuta pa kutundika koti." Hakuwa na msaidizi. Kwa kupandisha bodi za dari alijitengenezea nguzo yenye kichwa kama herufi T, anaisimamisha inashikilia bodi wakati yeye anafunga. Aliiita shemeji.

"Shemeji, shika hapo! Usilegee!"

Danstan, aliyekuwa chini ameshika upande wa pili, akauliza, "Na mimi je?"

"Wewe ni mume wa mtu. Wewe nakuogopa. Shemeji simwogopi."

Upande wa chumba cha mama aliweka bodi mbili, moja juu ya nyingine, na maungio yasikutane. Hakueleza sana. Alisema tu, "Mzazi ana haki ya kulala bila kusikia mambo." Mimi nikaingia jikoni haraka.

Maungio ndiyo yaliyonifundisha subira yake. Alibandika utepe wa nyuzi, akapaka unga uliokorogwa, akaacha ukauke. Akapaka tena kwa upana zaidi. Akaacha. Akapiga msasa, akawasha tochi. Akipata kivuli anarudia. Fideli alikuwa anapita barabarani na kuchungulia. "We Tochi Mchana!" anaita. "Hujamaliza tu? Au unajenga Vatikani?" Irambona anainua mkono kumsalimia, anaendelea.

Kwenye kona ya sebule aliacha mlango mdogo wa dari, bodi ya mraba inayonyanyuka, ili fundi umeme akihitaji apande. Na mwisho alitukusanya, akatuambia ya kukumbuka: bati likivuja tumwite siku hiyohiyo, maana jipsamu ikilowa haisubiri; ufa mwembamba kwenye pembe mwaka wa kwanza usitutishe, nyumba inajinyoosha; tusiegemeze majembe. Tukamshukuru. Majirani wakaja kuona. Ile wiki nyumba yetu ilikuwa kama ina harusi.

*

Mama Francisca alifika siku nne baadaye, nyuma ya gari dogo la mizigo, ameketi juu ya magunia yake. Alikuwa amekuja na maharage ya kula na ya mbegu. Nikampigia magoti, "Shikamoo, mama," akaitika, akambeba Keza, akaingia. Akasimama katikati ya sebule ameinua uso. Akatazama dari muda mrefu.

"Ego," akasema, ndiyo ya kwao. "Mmekuwa watu."

Chumba chake alikipenda, ila ukuta aliugonga kwa ngumi akasikia unalia kama debe. "Huu ni ukuta au ni boksi?" Danstan akamweleza. Akatikisa kichwa, akatundika picha yake mahali palipoandaliwa, akalala.

Kesho yake nilikwenda kliniki kumpima Keza uzito. Nilirudi saa nane. Magunia sikuyaona uani, nikadhani Danstan ameyapeleka kwenye banda lake la matairi. Sikuuliza. Vyakula vya mama mkwe huviulizi, ataona unamhesabia.

Siku ya tisa tangu aje, ilikuwa Alhamisi, nilikuwa namnyonyesha Keza nimeegemea kiti. Nikainua macho. Kwenye ungio la dari, karibu na ile kona, kulikuwa na mstari mwembamba kama uzi mweusi. Jioni uzi ukawa kamba. Ijumaa asubuhi dari lilikuwa limefanya tumbo. Ukisimama mlangoni unaliona limeshuka, na skrubu mbili zimezama ndani, zimeacha matundu.

Jirani aliyekuja kuomba moto aliona, akatoka na habari badala ya moto. Haikupita saa moja Fideli akawa mlangoni, mikono kiunoni.

"Si niliwaambia? Tochi nyingi, kazi hakuna. Na yule Clarisse anakuja kesho, sivyo? Acha aje. Aje ajionee."

Mama Francisca, kutoka kwenye mkeka wake, akasema bila kumtazama mtu, "Nyumba ya karatasi. Niliugonga ule ukuta nikajua."

Moyo wangu ulikuwa umejaa. Si kwa ajili ya dari peke yake. Akilini nilimwona fundi na baiskeli yake, na Mukeshimana nisiyewahi kumwona, na basi la mwezi wa tatu. Nikampigia Irambona simu. Nilitegemea atabisha, aseme ni bati, ni malori, ni sisi. Aliuliza swali moja: "Limelowa au kavu?" Nikasema kavu. Akasema, "Nakuja."

Alifika mchana. Mama Francisca alikuwa ameshakwenda kwenye sala za jumuiya. Irambona akaweka ngazi, akanyanyua ule mlango mdogo, akaingiza kichwa na tochi. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akashuka, akajifuta mikono.

"Mama Keza, panda uone."

Nikamwachia mtoto, nikapanda. Vilikuwa vifuko kumi na viwili, vimepangwa vizuri kabisa juu ya bodi, kila kimoja kama kilo kumi, midomo imefungwa kwa vipande vya kitenge cha njano. Kitenge kile nakijua. Kilikuwa cha mama mkwe wangu, kilichakaa, akakichana vipande siku aliyofika.

Nilishuka. Nilielewa yote kwa mara moja. Kwao Mugoma, kama nyumba nyingi za kwetu, dari ni la fito na miti, liko juu ya jiko, na kazi yake ni moja: kuweka mavuno. Mbegu hailali chini, inapandishwa juu, ipate moshi, isiguswe na panya wala macho ya mpita njia. Mama alipoona tumejenga dari safi lenye mlango wa kupandia, aliona mtoto wake amemjengea ghala. Akasubiri nitoke, akagawa magunia katika vifuko anavyoweza kubeba, akapanda ngazi ya Danstan mara kumi na mbili. Ana miaka sitini na mbili. Alikuwa anatusaidia.

Danstan alipoitwa kutoka barabarani alishika kichwa kwa mikono miwili. "Sasa mama yangu nimwambie nini? Kwamba amevunja nyumba?"

"Usimwambie kitu," Irambona akasema.

"Lakini fundi, kosa si lako! Kesho Clarisse..."

"Kosa ni langu." Alisema polepole, kama mtu anayesoma. "Niliwauliza runinga. Niliwauliza picha. Niliwauliza na ndoo ya kudeki. Sikuuliza, juu ya dari mtaweka nini? Kule Mwanza hakuna anayeweka kitu juu ya dari, nikazoea. Nikasahau niko kwetu. Mama yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, mahindi yake yalikuwa juu ya vichwa vyetu mpaka nilipooa."

Kisha akafanya jambo ambalo bado nalifikiria. Alivishusha vile vifuko kimoja kimoja, bila kumwaga hata punje. Akavipeleka chumbani kwa mama. Hakuviweka sakafuni. Alichukua mabaki ya mbao, akatengeneza kitu kama kitanda kidogo chenye miguu mirefu, kikafika kifuani kwangu, akavipanga juu yake kwa mpangilio uleule aliovikuta, midomo ya njano ikitazama mlango. Halafu ndipo akaanza kukata sehemu ya dari iliyoharibika.

Mama aliporudi aliingia chumbani kwake. Hakutoka mpaka chakula. Hakumtazama fundi, hakumtazama mwanawe, na kuhusu nyumba ya karatasi hakusema tena.

*

Clarisse alikuja Jumamosi saa nne, mwanamke mrefu, viatu vya kazi, kalamu sikioni. Anajenga kwa macho yake mwenyewe, hamwachii msimamizi. Dari letu lilikuwa na shimo la ukubwa wa mlango mzima, mbao zinaonekana. Fideli na wengine wawili walikuwa wamesimama nje ya dirisha, wanajifanya wanangojea Danstan.

"Shikamoo, mama," Clarisse akamsalimia Mama Francisca.

"Marahaba, binti yangu."

Kisha akainua uso. "Fundi, hili ni nini?"

"Lilishuka," Irambona akasema.

"Baada ya muda gani?"

"Wiki mbili tangu nimalize."

"Wiki mbili!" Akatoa kalamu sikioni, hakuandika kitu. "Mbao mbovu?"

"Mbao nzuri."

"Skrubu chache?"

"Hesabu mwenyewe, mama, ziko palepale."

"Sasa nini?"

"Kuna jambo lilipaswa niwaulize wenye nyumba, sikuuliza. Kosa ni langu."

"Jambo gani?"

Irambona aliangalia sakafu kidogo, akaangalia dari, akarudia, "Ni langu, mama. Nalirekebisha."

Mimi nilikuwa nimesimama na Keza, nimeuma mdomo. Danstan alikuwa amegeukia ukuta. Clarisse akapumua kwa nguvu.

"Sikiliza, fundi. Nina vyumba kumi na viwili. Mgeni wangu akiangukiwa usingizini, hatasema fundi alisahau swali. Atasema kwa Clarisse. Samahani, nitatafuta mtu mwingine."

Nje mtu akakohoa kwa furaha. Irambona akaitika kwa kichwa. Hakubembeleza. Alianza kukunja kamba yake ya kupimia, na mimi nikaona vidole vinakosa mwisho wa kamba.

Hapo Mama Francisca akainuka kwenye mkeka. Aliingia chumbani kwake. Akatoka na kifuko kimoja, amekibeba kama mtoto, akakiweka miguuni pa Clarisse.

"Kibebe," akamwambia.

"Mama?"

"Nimesema kibebe, binti. Una mikono."

Clarisse akakiinua. Kilimvuta chini kidogo.

"Vingine kumi na kimoja viko mle ndani. Nenda ukahesabu. Vyote vilikuwa juu hapo." Akaonyesha shimo kwa kidevu. "Mimi ndiye niliyevipandisha. Siku nane dari lilibeba mbegu yangu ya Mugoma, ya tisa likachoka. Hata punda ungemlaumu?"

Clarisse akakiweka kifuko chini.

"Na huyu," mama akaendelea, "jana amevishusha nisipokuwepo. Amevijengea na kitanda. Nimengoja tangu jana aniambie, Mama, umeniharibia. Hajasema. Leo nimengoja akuambie wewe. Hajasema. Anataka kupoteza kazi ili mimi nisione aibu mbele ya mkwe wangu. Mimi nina miaka sitini na mbili, aibu naiweza."

Irambona akamwambia jambo kwa Kirundi, naye akamjibu kwa Kihangaza cha kwao Ngara. Lugha zile zinasikilizana. Nilipata kwamba yeye anamwita mzazi na kumwomba akae, na mama anamwambia anyamaze kwanza.

Clarisse aliingia chumbani. Tulimsikia anahesabu. Aliporudi hakusema na mtu, alipanda ngazi mwenyewe, akaingiza kichwa penye shimo, akavuta mbao kwa mkono, moja baada ya nyingine. Akaomba tochi. Irambona akampa. Akamulika maungio ya upande ule mzima, kwa pembeni, ingawa hakuna aliyemfundisha. Alikaa juu muda wa kutosha Keza kuanza kulia.

Aliposhuka alikuwa na unga mweupe kwenye nywele.

"Kilo mia na ishirini," akasema.

"Zaidi kidogo," mama akasema. "Mbegu yangu nzito."

"Na zimekufa bodi mbili tu." Akamgeukia Irambona. "Swali lenyewe ungeniuliza na mimi?"

"Sasa hivi nakuuliza. Juu ya dari zako utaweka nini?"

Clarisse akafikiri. Nikaona uso wake unabadilika kidogo. "Nilitaka tangi dogo la maji. Juu ya vyumba vya nyuma. Mwenzako mmoja," akatupa jicho dirishani, ambako sasa hapakuwa na mtu, "aliniambia hakuna tatizo."

"Lipo," Irambona akasema. "Tangi likae kwenye mnara wake nje. Kama lazima liwe ndani, lijengewe mihimili yake kutoka ukutani, bodi isijue kama kuna tangi."

"Hivyo ndivyo alivyopaswa kuniambia." Akarudisha kalamu sikioni. "Jumatatu njoo. Uanze na vyumba viwili, nione. Vikinipendeza, vyote vyako."

Danstan akageuka kutoka ukutani. Mimi nikambana Keza kifuani mpaka akalalamika. Na Irambona, mtu ambaye dakika chache kabla alikuwa anatafuta mwisho wa kamba, akakuna shingo yake iliyoinama, akasema:

"Jumatatu siwezi, mama."

"Nini?"

"Leo nafunga bodi hizi mbili. Unga wa kwanza, kesho ukauke. Wa pili Jumatatu, na hewa ya sasa ni ya mvua, haukauki upesi. Msasa Jumanne. Nikiondoka kabla, mama Keza atabaki na mistari."

Nilitaka kumwambia aende, mistari nitaishi nayo. Danstan alinikanyaga mguu taratibu.

Clarisse akachukua tena kile kifuko cha maharage, akakikabidhi kwa Mama Francisca kwa mikono miwili.

"Jumatano, basi," akasema. "Saa moja asubuhi."

"Saa moja," Irambona akajibu, akapanda ngazi kuendelea. Mama mkwe wangu akaenda mwenyewe kumshikia ile nguzo ya T, akaishika kwa nguvu zote, kichwa juu, akimwuliza ni hapo au asogee kidogo kushoto.